Nani Anapiga Ngoma Ndani ya Kinanda Chako?

*Hotuba kwa wapiga vinanda wa nyumbani, walimu wa kwaya na wazazi, Nyamanoro, Mwanza*

Ndugu wapiga vinanda, walimu wa kwaya, wazazi mliokuja na watoto wenu, na ninyi wafanyabiashara wa Makoroboi mliofunga meza mapema ili tuwe pamoja: mwadila! Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleykum. Na wageni wetu mliopanda meli kutoka Nansio, pamoja na waliokuja kutoka Sengerema, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie soko la vinanda vya nyumbani, hivi ambavyo unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto na papo hapo ngoma, besi na magitaa vinakufuata. Wenye viwanda wanaviita arenja. Sisi tunasema kinanda tu, au kibodi, na kwa kazi yangu ya ufundi na ualimu naweza kuwaambia kwamba vinanda karibu vyote ninavyoletewa, viwe vya sebuleni, vya kanisani au vya ukumbi wa harusi, ni vya aina hiyo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, ninunue kipi?" Nitalijibu leo, tena kwa majina ya modeli. Lakini naomba tulifikie kwa kupitia swali jingine ambalo naona limesahaulika. Ndani ya hicho kinanda, anayepiga ngoma ni nani?

Maana kuna mtu. Ukibonyeza kitufe cha kuanzisha mdundo, unachosikia kimepigwa na binadamu aliyekaa chumbani mahali fulani, akaamua besi iingie wapi, gitaa lijibu vipi, ngoma ipumzike kwenye pigo lipi. Ana mji wake, ana muziki aliokulia, ana harusi alizocheza akiwa mtoto. Kila mara unapotumia staili yake, yaani huo mdundo aliokupangia pamoja na vyombo vyake, unamkaribisha yeye apige katika wimbo wako. Ndiyo maana historia ya vyombo hivi inatuhusu sisi watu wa Ziwani, ingawa haikuanzia hapa.

Ilianzia kwenye sebule za Wamarekani. Laurens Hammond alitoa kinanda chake cha umeme mwaka 1935, kikanunuliwa na makanisa, baadaye na familia. Mtu anayepiga peke yake nyumbani hana mpiga ngoma, kwa hiyo mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ikatoa mashine iliyoitwa Sideman, sanduku lenye midundo ya dansi za wakati ule iliyopangwa tayari, waltz, tango na mingineyo. Huko Japani Ikutaro Kakehashi alitengeneza mashine ya midundo ya namna hiyo, bila sehemu za kuzunguka, mwaka 1967. Ndiye aliyekuja kuanzisha Roland mwaka 1972. Vinanda vya sebuleni vikaanza kuwekewa midundo ndani, kisha besi, kisha kodi zinazojipiga zenyewe. Vilikuwa vikubwa, vizito, vya mbao, na bei yake ilikuwa ya watu wachache.

Aliyelivunja soko hilo alikuwa mtengenezaji wa mashine za kupigia hesabu. Casio, kampuni ya ndugu wanne wa ukoo wa Kashio, ilitoa Casiotone 201 mwezi Januari mwaka 1980. Kinanda unachokibeba kwapani! Yamaha nao walikuwa na PortaSound. Katika miaka michache biashara ya vile vinanda vizito vya sebuleni ikaporomoka, na kinanda kikaingia kwenye nyumba ya mwalimu, ya karani, ya fundi seremala.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu kuna mwanamke mmoja ambaye kila mpiga kinanda anapaswa kumjua. Anaitwa Hiroko Okuda. Aliingia Casio mwaka 1980 akitokea chuo cha muziki, kijana kabisa. Muziki alioupenda ulikuwa wa Jamaika. Hata tasnifu yake ya kuhitimu aliiandika juu ya rege. Kazini akapewa jukumu la kutunga midundo na besi za kinanda kidogo kilichotoka mwaka 1981, Casiotone MT-40. Mdundo mmoja kati ya hiyo uliandikwa "rock" kwenye kinanda. Mwaka 1985 kinanda hicho kikawa mikononi mwa vijana wa Kingston. Wayne Smith akaimba juu ya ule mdundo, prodyuza King Jammy akaupunguza kasi na kuurekodi, na muziki wa densihol ukageuka. Mpaka leo mamia ya nyimbo za Jamaika zimesimama juu ya besi ile ya Okuda.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Binti mmoja wa Japani aliyekuwa na rege masikioni alitia mapigo machache kwenye kinanda cha bei nafuu, na Wajamaika waliposikia, walitambua kitu chao wenyewe. Kinanda cha nyumbani hakikuwa kitu cha kuchezea. Kilichofanya kazi ni sikio la mtu aliyejaza midundo. Ninawasihi mlishike hilo, kwa sababu hoja yangu yote ya leo imesimama hapo.

Sasa twende Italia. Pwani ya Adriatiki, karibu na mji wa Ancona, kuna mji mdogo wa Castelfidardo uliojulikana dunia nzima kwa kutengeneza kodiani. Kodiani, kama mnavyojua, mkono wa kushoto unabonyeza vitufe vya besi na kodi, wa kulia unapiga wimbo. Kinanda cha arenja ni hivyo hivyo. Kwa hiyo muziki wa kodiani ulipopungua, mafundi wa eneo lile walihamia kwenye vinanda vya umeme bila kubadilisha namna ya kufikiri: Farfisa, Solton ambayo baadaye ikawa Ketron, na wengine. Wajapani waliona ujuzi huo wakaufuata. Roland E-20 ya mwaka 1988, moja ya arenja za kwanza zilizofanana na tunazozijua leo, ilitoka kwa tawi lao la Italia. Vinanda vya Korg vya familia ya Pa, vilivyoanza na Pa80 mwanzoni mwa miaka ya 2000, vimekuzwa huko huko, mji wa Osimo.

Yamaha nao wana asili inayonifurahisha mimi kama fundi. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa atengeneze kinanda kilichoharibika katika shule moja ya Hamamatsu. Alikifungua, akakitengeneza, akaona kwamba anaweza kuunda cha kwake. Kampuni yote ilitokana na kazi ile ya bisibisi. Karne moja baadaye walikuwa na PSR, jina ambalo hapa Mwanza wengine wanalitumia kwa kinanda chochote kile. Juu ya PSR wakaweka Tyros mwaka 2002, kisha Genos mwaka 2017, na Genos2 mwaka 2023.

Wakati huohuo wengine walikuwa wanafunga. Technics walikuwa na vinanda vya KN vilivyosifika sana Ulaya. Baada ya KN7000 ya mwaka 2002 wakaacha kutengeneza ala za muziki. Roland hawakuacha kabisa, lakini nguvu zao wamezipeleka kwingine. Sababu iko wazi: Wazungu waliokuwa wakipiga vinanda sebuleni jioni wamezeeka, na vijana wao wanatengeneza muziki kwenye kompyuta. Soko lao la zamani limesinyaa.

Lakini arenja haikufa, na sababu ya kutokufa kwake ni watu wa mbali na Ulaya Magharibi. Waturuki, Waarabu, watu wa nchi za Balkani, Wahindi, Waindonesia na muziki wao wa dangdut. Huko mpiga kinanda mmoja anabeba harusi nzima mabegani. Na hao hawakukubali kupigiwa polka, dansi ya Wazungu. Muziki wa Kiarabu na wa Kituruki una noti zinazokaa katikati ya noti zetu za piano, robo ya sauti, kwa hiyo viwanda vililazimika kuweka uwezo wa kushusha noti moja moja kwa kubonyeza tu. Yamaha wakatoa modeli mahususi za Mashariki, kama PSR-A3000 na baadaye PSR-A5000 ya mwaka 2021. Wahindi wakapata PSR-I500 yao. Korg wana Pa za Mashariki. Wenzetu wa taarab ya kisasa, kule Unguja na Dar es Salaam, wanajua faida ya uwezo huo.

Kiwanda kinatengeneza unachoonekana kukihitaji. Waturuki walionekanaje? Nawaambia: walianza wenyewe. Wapigaji wao walitengeneza staili zao kwa mikono, wakarekodi ngoma zao, wakabadilishana disketi, baadaye fleshi, wakauziana mpaka likawa soko. Kiwanda kilipofika kilikuta kazi nusu imefanyika.

Na sisi je? Nendeni harusi yoyote Jumamosi, Kirumba, Igoma au Buzuruga. Mpiga kinanda ana vidole vizuri, nasema kweli, Mwanza ina vijana wenye vidole. Bibi harusi anaingia, akina mama wanaanza wimbo wa Kisukuma ambao kila mtu ukumbini anaujua, na kijana anaukimbilia kwa staili ya samba, au ile ya disko ya miaka ya themanini, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi. Wimbo unavalishwa suti ya mtumba: imeshonwa vizuri kabisa, ila kwa mwili wa mtu mwingine. Mabega yanabana. Akina mama wanaanza kupiga makofi, makofi yao yanaangukia mahali ambapo staili haina pigo, na baada ya muda wanawafuata spika badala ya spika kuwafuata wao. Hilo linaniuma. Linaniuma kwa sababu wale akina mama ndio wenye mdundo sahihi.

Mkoa huu una ngoma. Pale Bujora, Kisesa, kila mwaka wakati wa sikukuu ya Bulabo, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana na watu wanajaa. Bugobogobo inapigwa, majembe yanarushwa juu, na hakuna mtu anayesimama wima. Ukivuka upande wa Mara kuna ala za nyuzi, litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo, na kutoka kwenye vidole vya nyatiti gitaa la benga likajifunza namna ya kutembea. Upande wa Kagera kuna nanga ya Wahaya, nayo ni ala ya nyuzi. Ziwa moja limezungukwa na midundo ya kutosha kujaza kumbukumbu ya kinanda chochote, halafu tunapiga samba.

Basi niwaeleze staili imeundwaje, maana wengi wanadhani ni jambo la wahandisi wa Japani. Nitachukua Yamaha kwa sababu ndivyo vilivyo vingi hapa. Staili moja ina sehemu nane zinazopiga kwa pamoja: mbili za ngoma na vyombo vya kugongwa, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu za kujaza nyuma, na mbili za vijisemi, yaani vile vipande vya gitaa au tarumbeta vinavyochomoza. Kisha hizo nane zimegawanywa kwenye vipande vya wimbo, vitufe mnavyovijua: Intro, Main kuanzia A mpaka D, vile vya kuvukia kutoka kipande kwenda kipande, na Ending. Basi. Hakuna siri nyingine.

Unarekodi kila sehemu ukiwa kwenye kodi moja, kwa kawaida C kubwa yenye noti ya saba, yaani C, E, G na B. Kinanda ndicho kitakachozihamisha noti hizo mtu akishika F au A ndogo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ukirekodi besi na gitaa kwenye vipande vya Main, baki kwenye C, E, G, B, na unaweza kuongeza D na A. Iepuke F. Ukiiweka F, siku utakaposhika kodi nyingine itahamia mahali pabaya na utasikia mchubuko ambao hutajua umetoka wapi. Wanafunzi wangu wengi wanakwama hapo, wanadhani kinanda ni kibovu.

Kanuni ya pili inahusu kunyoosha mapigo. Ukimaliza kurekodi ngoma, kinanda kinakupa nafasi ya kuyasogeza mapigo yako yakae sawasawa kwenye mistari. Kwa disko ni sawa. Kwa ngoma zetu, ambamo mapigo ya tatu na ya mawili yanatembea pamoja, ukinyoosha kwa asilimia mia umeua kila kitu. Umebaki na mashine ya kusaga. Yamaha zenye uwezo huu zinakuruhusu kuchagua nguvu ya kunyoosha. Shusha. Jaribu nusu, jaribu chini ya nusu. Tena chagua mistari inayochanganya nane za kawaida na nane za tatu, ipo kwenye orodha, watu wengi hawaifikii kwa sababu iko mbali chini. Halafu mpigie mtu anayeijua ngoma yenyewe, asikilize. Akitikisa kichwa kukataa, rudia. Akianza kutikisa mabega, umefika.

Na sauti za ngoma zenyewe: usipeleke ngoma kubwa ya ngozi kwenye dramu ya kukanyaga ya roki. Ile ina tumbo fupi, inagonga na kufa. Anza na konga au tomu za chini, punguza ukali wake, ishushe sauti. Mwenye PSR-SX au S za karibuni anaweza kwenda mbali zaidi: kuna programu ya kompyuta ya Yamaha wenyewe, Yamaha Expansion Manager, inayokuwezesha kuchukua ngoma halisi uliyoirekodi kwa maikrofoni na kuipakia kinandani ikawa kibonye. Ngoma ya Kisesa, ndani ya kinanda kilichotoka kiwandani China au Indonesia, inapiga pamoja na kodi unayoshika wewe. Mkishaisikia hata mara moja, samba itawashinda.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ukienda kurekodi wapigaji wa ngoma, waombe ruhusa, na walipe. Wazee wale ni wanamuziki kama wewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa hata sanaa za jadi, lakini hata isingekuwepo sheria, mtu aliyekupa mdundo wa ukoo wake hastahili kurudi nyumbani na soda.

Sasa tulijibu lile swali la kununua, maana naona wazazi wanaangalia saa.

Kwa mtoto anayeanza, kitu cha lazima ni vibonye 61 vinavyohisi mguso, yaani ukibonyeza taratibu sauti iwe ndogo, ukibonyeza kwa nguvu iwe kubwa. Vile vya bei ya chini kabisa, PSR-F51 na F52, havina uwezo huo. Ni vyombo imara na sivisemi vibaya, lakini mtoto atajifunza kupiga kila noti kwa ukubwa uleule, na kumtoa huko baadaye ni kazi. Ongeza kidogo upate PSR-E373 ya mwaka 2020 au Casio CT-X700 ya mwaka 2018. Huko nje vilikuwa vikiuzwa chini ya dola 300. Hapa utaongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo usimlaumu muuzaji kwa kila shilingi.

Kwa mpiga kwaya na mpiga harusi, sikilizeni vizuri. Usinunue kinanda kwa kuhesabu idadi ya staili zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza maswali mawili. La kwanza: kina uwezo wa kutengeneza staili ndani yake mwenyewe? Vidogo vya Yamaha vya PSR-E vingi vinakubali kupakia staili chache kutoka nje, lakini huwezi kuitunga humo ndani. Vikubwa zaidi, S770, S970, S775, S975, na SX700 na SX900 za mwaka 2019, vinaweza. Casio CT-X3000 na CT-X5000 za mwaka 2018 zina sehemu ya kuhariri mdundo, na kwa bei yake nazipenda sana kwa kazi hii. Korg Pa600 na Pa700 zinarekodi staili bila shida. La pili: kinatoa sauti ngapi kwa mpigo mmoja? PSR-E373 kinatoa 48. Inaonekana nyingi, lakini staili inakula humo humo. Ngoma, besi, magitaa mawili, sauti ndefu za nyuma, na wewe umekanyaga pedali ukiwa na vidole vyote kumi: zinaisha, na kinanda kinaanza kukata noti za zamani kimya kimya. Ndiyo ile hali ya wimbo kupwaya katikati ya kiitikio.

Kwa hiyo ushauri wangu hauyumbi: S970 ya mtumba iliyotunzwa ni bora kwako kuliko kipya kidogo kinachong'aa. Na Genos2? Ni chombo kizuri mno. Kinauzwa zaidi ya dola 5,000, zaidi ya shilingi milioni 10 zetu kabla hujakileta. Kwa fedha hiyo kwaya inapata kinanda cha kati, spika nzuri, stabilaiza, na posho ya wapigaji wa ngoma wa mwaka mzima. Mimi ningechagua hivyo.

Ukinunua cha mtumba, kijaribu hapo hapo mezani. Chagua sauti ya piano, bonyeza kibonye kimoja kimoja kutoka kushoto mpaka kulia, kwanza taratibu kabisa, halafu kwa nguvu. Chini ya kila kibonye kuna mpira wenye ncha mbili nyeusi za kaboni. Ya kwanza inagusa, kisha ya pili, na kinanda kinapima muda kati ya miguso hiyo miwili ili kijue umebonyeza kwa kasi gani. Vumbi likiingia, au unyevu wa huku kwetu, au mende, ncha moja haigusi. Kibonye kinakuwa bubu, au kinapiga kelele hata ukikigusa kwa upole. Vibonye viwili vitatu vya namna hiyo havinitishi: ninafungua, ninasafisha mpira na bodi kwa spiriti safi na kitambaa laini, ninarudishia. Vikiwa ishirini, shusha bei au ondoka.

Na adapta. Ndugu zangu, adapta zimeua vinanda vingi kuliko mvua. Kilichotoka Japani kimezoea umeme wa volti 100, cha Marekani volti 120. Wetu ni 230. Soma kibandiko cha adapta. Kikisema 100 mpaka 240, chomeka. Kikisema 100 peke yake au 120 peke yake, usithubutu. Kisha angalia volti zinazotoka: Yamaha ndogo zinataka 12, S970 na SX900 zinataka 16, Casio nyingi ndogo za sasa zinataka 9.5. Halafu kuna ule mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Kwenye Yamaha, kujumlisha kuko katikati. Casio nyingi za zamani ni kinyume. Mara nyingine plagi inaingia vizuri kotekote, na hapo ndipo kinanda kinapounguzwa, na mwenyewe anasema "kilizimika tu". Andika jina la kinanda kwenye adapta yake kwa kalamu ya wino usiofutika, kanisani kusiwe na kuazimana.

Staili mtakazotengeneza msiziache ndani ya kinanda peke yake. Nakili kwenye fleshi mbili, moja ibaki kwa mwenyekiti wa kwaya. Na pale mnapoipa jina faili, andikeni ngoma, mahali ilikorekodiwa na waliopiga. Mnapobadilishana na watu wa Musoma na Bukoba, hayo majina yaende nayo, yasifutwe njiani.

Maneno yanatosha, tuna kazi. Wazee wetu wa ngoma kutoka Kisesa wamefika na wanakunywa chai hapo nje. Posho yao imetoka kwenye michango yenu, asanteni. Watatupigia mara moja bila kinanda chochote, na ninaomba katika muda huo mtu asiguse kibonye, asikilize tu. Baada ya hapo wenye vinanda vinavyotengeneza staili wasogee meza za upande wa dirishani, wengine wakae nyuma yao wawili wawili. Tutaanza na ngoma kubwa peke yake, kwenye Main A, kasi tutaipima kwa miguu ya wazee. Besi ni baada ya chai. Mwenye fleshi tupu ampe kijana aliyeko mlangoni. Wabeja sana.